Ukitaka kuyajua mapishi ya dunia, fuata sufuria moja

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Morogoro na mume wangu na watoto wetu. Napenda kupika kuliko kitu chochote, na ndoto yangu ni kuyajua mapishi ya dunia. Nimenunua vitabu kadhaa vya mapishi vya Kiingereza, natazama video kila usiku, na kila Jumapili najaribu chakula cha nchi nyingine: Jumapili hii Thailand, ijayo Meksiko, inayofuata Italia. Tatizo ni kwamba viungo vingi sivipati, nikivipata ni ghali, na watoto wakionja kijiko kimoja wanaomba wali wangu wa nazi na pilau. Mume wangu hasemi kitu ila naona anavyokula. Nasikia kuna matamasha ya chakula Dar es Salaam na Zanzibar, na hoteli moja inatangaza darasa la siku moja la mapishi ya kimataifa, bei yake kama robo ya mshahara wangu. Nifuate vitabu, matamasha au darasa? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile la msingi, maana mengine yote uliyouliza yameshikana nalo. Uhaba wa viungo si tatizo lako kubwa, na watoto hawana kosa. Unapita nchi nyingi kwa kasi, kwa hiyo kila Jumapili unaanza upya: viungo vipya, utaratibu mpya, ladha ambayo nyumba nzima haijawahi kuionja. Mkono wako haupati nafasi ya kuzoea kitu, na aliyezoea tu ndiye anayejua chakula kimekosa nini anapokionja.

Acha kuhesabu nchi. Chagua chakula kimoja unachokipika vizuri, kisha ukifuate kila kinakopikwa. Umeniambia mwenyewe kwamba watoto wanaulilia wali wako wa nazi na pilau. Basi fuata wali. Mchele uko Morogoro kwa wingi, Kilombero iko mkoani kwako, na karibu nusu ya dunia inakula wali kila siku. Wewe unajua tayari mchele unavyokunywa maji, unajua sauti ya sufuria inapokauka, unajua harufu ya wali unaotaka kuungua. Ujuzi huo ni mtaji. Ukiingia nao jikoni mwa watu wengine, utaona mara moja wanachofanya tofauti na wewe, na hapo ndipo kujifunza kunapoanza.

Tuchukue pilau. Utaratibu wetu wa pwani unaujua: mafuta, kisha vitunguu vinakaangwa mpaka vinakuwa rangi ya kahawia iliyokolea, kitunguu saumu na tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, nyama na supu yake, viazi, mchele, halafu unapalia makaa juu ya mfuniko. Sasa mwangalie Muuzibeki wa Asia ya Kati. Pilau yao, pamoja na ile ya Tajikistan, iliingizwa na UNESCO mwaka 2016 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na kule ni chakula cha harusi, msiba na mgeni, sawasawa na kwetu. Anaanza na mafuta, mara nyingi yamechanganywa na mafuta ya mkia wa kondoo. Anakaanga nyama na vitunguu, halafu anaweka karoti, tena nyingi: vipimo wanavyovitaja wengi ni kilo ya mchele, kilo ya nyama na kilo ya karoti. Karoti hazikwaruzwi, zinakatwa vipande virefu vyembamba kwa kisu ili zisipotee. Kiungo kikuu ni bizari nyembamba, hii hii ya kwako. Maji yanaingia, mchuzi unachemka taratibu kwa muda mrefu na vichwa vizima vya vitunguu saumu ndani yake. Mchele unakuja mwisho kabisa, unatandazwa juu ya mchuzi, na hakuna anayeugusa kwa mwiko mpaka umeiva.

Hapo umeshajifunza mambo mawili bila kutafuta kiungo hata kimoja cha kuagiza. La kwanza, karoti ikiwa nyingi inaipa nyama utamu ambao sisi tunaupata kwenye vitunguu vilivyokaangwa sana. La pili, mchele unaweza kuivia juu ya mchuzi badala ya kuchanganyika nao, na punje zikatoka moja moja. Kipike nyumbani. Watoto wataona pilau, wataila, na wataanza kuuliza kwa nini leo ina karoti nyingi.

Kutoka hapo nenda Iran, na hapa nataka ukae kwa muda, kwa sababu Wairani wameufanya wali kuwa kazi ya sanaa na kipimo cha mpishi. Chukua nusu kilo ya mchele. Uoshe mpaka maji yawe karibu safi, uuloweke kwenye maji ya chumvi. Basmati hulowekwa saa moja au zaidi. Mchele wetu wa Kyela au Kilombero ni laini zaidi, nusu saa inautosha. Chemsha maji mengi kwenye sufuria kubwa, utie chumvi, umimine mchele. Baada ya dakika nne au tano anza kutoa punje uing'ate. Unataka iwe laini nje lakini katikati ukutane na kiini kigumu kidogo. Ikifika hapo mwaga kwenye chujio haraka. Dakika mbili za kuchelewa zinakupa bokoboko.

Sasa kausha sufuria, irudishe motoni na vijiko vinne vya mafuta. Kata viazi slaisi za unene wa nusu sentimita, uvipange chini kama vigae, uvinyunyizie chumvi. Juu yake mwaga wali kwa kijiko, usiushindilie, uujenge uwe kilima. Kwa mpini wa mwiko toboa matundu matano au sita mpaka karibu na viazi ili mvuke upande. Mvuke ukianza kutoka, nyunyizia samli iliyoyeyushwa, funga mfuniko kwa kitambaa safi na ncha zake uzifunge juu zisifike kwenye moto. Kitambaa kinanyonya mvuke usidondoke tena kwenye wali. Punguza moto uwe mdogo kabisa, uache kama dakika arobaini. Ukiinamisha sikio utasikia viazi vinakaangika chini kwa sauti ndogo isiyokatika, na harufu ya chipsi itajaa jikoni. Ndipo unaipua na kuipindua juu ya sinia.

Kinachotoka juu ni ukoko. Kule mgeni wa heshima anawekewa ukoko, na wenyeji wanaugombania mezani. Sisi tunakwangua ukoko tunawapa watoto jikoni, na wao wanaufurahia kuliko wali wenyewe. Wairani wamechukua furaha hiyo wakaipangia utaratibu. Utaukuta pia kwenye paela ya Valencia huko Hispania, utaukuta Korea, ambako wanaumwagia maji ya moto na kuunywa, na utaukuta Senegali. Ukishaujua ukoko mmoja vizuri, hiyo mingine yote inakufungukia.

Senegali ndiyo ningetaka uifikie ifikapo mwisho wa mwaka. Chakula chao kikuu, ceebu jën, ni wali na samaki, na UNESCO ilikiorodhesha mwaka 2021. Asili yake ni kwa wavuvi wa kisiwa cha Saint-Louis. Samaki anatobolewa na kujazwa mchanganyiko uliotwangwa wa majani mabichi, kitunguu saumu na pilipili. Anakaangwa, anachemshwa kwenye mchuzi wa nyanya pamoja na muhogo, kabichi, biringanya na karoti. Kisha samaki na mboga vinatolewa, na mchele, ambao mara nyingi umeshapitishwa kwenye mvuke juu ya sufuria hiyo hiyo, unamalizikia kwenye mchuzi. Mezani kuna ndimu na ukwaju.

Tena mchele wanaoutumia ni chenga. Enzi za ukoloni Wafaransa waliwasukuma wakulima wa Senegali kwenye karanga za kuuza nje, na chakula kikawa kinaletwa kwa meli: chenga kutoka makoloni yao ya Indochina, yaani Vietnam na majirani zake. Watu wakazizoea, wakajenga juu yake chakula cha taifa, na leo Msenegali akipewa mchele mzima kwa chakula hicho anaona umekosea. Wewe chenga unazipata sokoni kwa bei ya chini kuliko mchele wowote. Kitu pekee ambacho hutakipata ni samaki wao waliochachushwa na kukaushwa. Ng'onda au papa mkavu kidogo, aliyelowekwa na kuoshwa chumvi, atakusogeza karibu. Uchachu utapungua, uongeze ukwaju.

Wali wa nazi nao una safari yake. Jamaika wanaupika kila Jumapili na maharage mekundu ndani ya tui, pamoja na majani ya thaimu, majani ya kitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ambayo inatoa harufu bila kuwasha mdomo. Wakati wa Krismasi maharage yanaachia nafasi mbaazi. Mtu wa Tanga akiketi mbele ya sahani ile hahitaji mkalimani. Na Bahia, Brazili, wana mchuzi wa samaki wa tui la nazi na mawese ambao unaweza kuupika kesho kama una jamaa anayetoka Kigoma.

Sasa vitabu. Usiviuze hivyo ulivyonavyo, ila jifunze kuvipima, na hiki hapa ni kipimo cha kutumia hata dukani kabla ya kulipa. Fungua kwanza ukurasa wa chakula unachokijua kuliko mwandishi: chapati, pilau, sambusa, mchuzi wowote unaoanza na vitunguu. Ukisoma kwamba vitunguu vinakaangwa dakika tano mpaka viwe vya kahawia, rudisha kitabu kwenye rafu. Wewe na mimi tunajua kwamba kazi hiyo inachukua dakika kumi na tano, ishirini, na kwa sufuria kubwa zaidi. Mwandishi aliyesema uongo kwenye vitunguu hakupika chakula chake kwa saa mkononi, na hutajua amekudanganya wapi tena kwenye vyakula usivyovijua. Mwandishi mzuri anakuambia utaona nini, utasikia nini, utanusa nini, na ufanye nini mambo yakienda kombo.

Kipimo cha pili ni mizani. Kitabu kinachotoa gramu ni kitabu kinachokuheshimu. Kikombe cha Wamarekani ni kama mililita 240, si kikombe chako cha chai, na kijiko cha mezani cha Australia ni mililita 20 wakati cha Uingereza na Marekani ni 15. Vitabu vingi vya Marekani vinapotaja chumvi vinamaanisha chumvi ya chengachenga nyepesi. Ukijaza kijiko hicho kwa chumvi yetu laini unaweza kutia karibu maradufu. Anza na nusu, uonje, uongeze. Mizani midogo ya jikoni ndiyo nunuzi ya kwanza ningekushauri, kabla ya kitabu kingine chochote. Joto la oveni likiandikwa 350 bila maelezo, hiyo ni Farenhaiti, nayo ni karibu 180 kwa kipimo chetu.

Halafu kuna mambo ambayo kitabu hakikuambii kwa sababu mwandishi hajui jiko lako. Nyama yake imetundikwa kwenye baridi kwa siku kadhaa au wiki ili ilainike. Yako imechinjwa alfajiri na ng'ombe alitembea maisha yake yote. Ndiyo maana steki za vitabuni zinakutoka ngumu, na kosa si lako. Kwa nyama yetu chagua mapishi ya kuchemsha na kutokosa taratibu, nayo yako kila nchi, tena ndiyo matamu zaidi. Kuku wake ni wa kisasa anayeiva kwa dakika thelathini na tano. Wa kienyeji mchemshe kwanza kwa saa moja au zaidi, utumie supu yake mahali kitabu kinapotaka maji. Tui lake ni la kopo, zito na la aina moja. Lako lina kasimile na tui la pili, na hapo wewe umemshinda: pikia lile jepesi, malizia na kasimile. Kitabu kikitaka mvinyo, weka supu na tone la siki au ndimu, kwa sababu kazi ya mvinyo kwenye mchuzi mara nyingi ni uchachu.

Kama ni kununua kitabu kimoja tu, ningeanza na In Bibi's Kitchen, cha mwaka 2020, cha Hawa Hassan akishirikiana na Julia Turshen. Kimekusanya mapishi ya mabibi kutoka nchi nane za Afrika za upande wa Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu, kuanzia Eritrea na Somalia, kupita Kenya, Tanzania na Msumbiji, hadi Komoro, Madagaska na Afrika Kusini. Nakipenda kwa sababu unaweza kukipima. Fungua sehemu ya Tanzania, umwite mama yako, msome pamoja. Mkikubaliana na yale ya nyumbani, mtaamini na yale ya Komoro.

Na daftari lako mwenyewe linahesabika kama kitabu. Kenya, kuanzia mwaka 2007, wataalamu na viongozi wa jamii waliingia kwenye kazi ya kuorodhesha vyakula vya asili, na mimea ipatayo 850 ikaandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji. UNESCO mwaka 2021 iliitambua kazi hiyo kuwa mfano mwema kwa nchi nyingine. Wewe una wanafunzi ambao bibi zao wanapika mlenda, mnavu, matembele na kisamvu kwa njia zinazotofautiana kijiji hadi kijiji. Usiyaache hayo nyuma ukikimbilia ya mbali. Anayejua kisamvu kinavyotwangwa na kuchemshwa ataelewa haraka kwa nini Wakongo wanapopika majani hayo hayo kwa mawese wanapata kitu kingine kabisa.

Kuhusu matamasha, kwanza angalia ulipo. Kila Agosti maonyesho ya Nane Nane ya kanda ya mashariki yako hapo hapo Morogoro, viwanja vya Mwalimu Nyerere. Watu wengi wanakwenda kutazama mifugo na matrekta. Wewe nenda kwenye vibanda vya vikundi vya akina mama wasindikaji na vya watafiti wa mazao. Hapo utaona unga wa muhogo uliokaushwa vizuri na uliokaushwa vibaya umewekwa kando kwa kando, utaonja aina za mchele ambazo duka haliziuzi kwa majina, na utapata mtu mwenye muda wa kukueleza. Nenda siku za kazi asubuhi. Siku ya kilele hutaongea na mtu. Ukipata safari ya Dar mwezi wa saba, Sabasaba ina mabanda ya nchi za nje, na hapo viungo vikavu unavyovisoma vitabuni unaweza kuvishika na kuvinusa kabla ya kuamua kama unavihitaji.

Yale matamasha ya tiketi yanayotangazwa mitandaoni yapime kwa swali moja kabla ya kulipa: wanapika pale pale, au wanaleta chakula kilichoiva na kukipasha moto? Kwenye kupasha moto utashiba ila hutajifunza. Zanzibar, bustani ya Forodhani haina tiketi, na chakula kinatengenezwa mbele yako kila jioni. Fika kabla ya Magharibi, wakati wanapanga mishkaki, wanasaga chatne na kuchemsha mchuzi wa urojo. Kaa mbele ya muuza urojo mmoja, agiza bakuli, kisha mtazame anavyojenga: mchuzi mzito wa manjano wenye uchachu wa embe au ndimu, bajia, kachori, viazi, chipsi za muhogo, chatne ya nazi, pilipili. Ndani ya bakuli lile India na pwani yetu wamekaa pamoja, na muuzaji anajua kila kitu kinaingia lini na kwa nini.

Swali la kumuuliza mpishi popote duniani ni hili: nini kinatangulia sufuriani, na nini kinafuata? Usimuulize vipimo, mpishi wa mtaani hana, na usimuulize siri yake, atafunga mdomo. Akikupa utaratibu amekupa karibu yote, kwa sababu vipimo utavitafuta mwenyewe nyumbani kwa kuonja. Nunua kwanza, uliza wakati hana foleni, na piga picha akikuruhusu. Yaandike aliyokwambia kabla hujalala.

Kuna meza nyingine ambazo watu hawazihesabu kuwa matamasha. Ukipita barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, gurdwara ya Makindu inawalisha wasafiri wa dini yoyote bila malipo, na hekalu za Kalasinga kokote hufanya hivyo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa na wenzako, unachukua kile utakachokimaliza. Dengu zao zimeungwa kwa samli na bizari kwa namna ambayo sahani ya hotelini haiifikii, na wanaopika ni watu wa kujitolea wanaopenda kuulizwa. Migahawa ya Kihabeshi nenda Jumatano au Ijumaa, siku ambazo Wakristo wa Orthodox wa Ethiopia wanafunga nyama na maziwa. Utaletewa sinia moja ya injera, mkate wao mwembamba, na mboga na dengu za kila rangi, na utaonja teff, nafaka yao ndogo, iliyochachushwa siku kadhaa. Kama umekulia kwenye uji wa kuchachua, hiyo haitakushangaza.

Lakini shule kubwa kuliko zote iko mtaani kwako, nayo ni shughuli. Kukiwa na harusi, omba ukamenye vitunguu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Wapishi wa shughuli wanapika kilo hamsini za mchele kwa kuni, bila saa, na pilau inatoka punje moja moja. Watazame wanavyosoma moto: wanavuta kuni lini, wanahamisha makaa lini kutoka chini kwenda juu, wanajuaje kwa kugonga sufuria pembeni kwamba maji yamekwisha. Mpishi wa pilau wa Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, anafanya kazi hiyo hiyo mbele ya chungu kikubwa cha chuma, alfajiri, kwa ajili ya mamia ya wageni. Ukitoka kwa wapishi wetu ukimtazama yule kwenye video, utamwelewa hata sauti ukiizima.

Kuhusu watoto na baba yao, usiwabadilishie meza yote kwa mkupuo. Kitu kipya kiwe kimoja, kikae kando ya kile wanachokijua. Ukipika wali wa Kiirani, mchuzi uwe wako wa kila siku. Ukipika mchuzi wa Bahia, wali uwe wa nazi. Kisha rudia chakula hicho hicho Jumapili inayofuata, na nyingine tena, kabla ya kuhamia kingine. Mara ya kwanza unafuata kitabu, mara ya pili unarekebisha kosa, mara ya tatu kinakuwa chakula cha nyumba yako. Mume wako mpe ukoko kwanza. Na mwulize waziwazi anaonaje. Anayekula kimya kwa upendo anastahili kuulizwa.

Limebaki darasa la hoteli. Robo ya mshahara wa mwalimu ni fedha nyingi, kwa hiyo piga simu kabla hujalipa na uulize mambo manne. Watu wangapi kwa jiko moja? Kama ni zaidi ya watatu au wanne, utatazama migongo ya watu. Je, mimi mwenyewe nitakata, nitakaanga na kuonja toka mwanzo hadi mwisho, au mpishi atapika sisi tukipiga picha? Vyakula vingapi kwa siku hiyo? Wakisema nchi sita kwa saa tano, achana nao. Wakisema mikate ya aina mbili, au michuzi mitatu ya nchi moja, hao wana la kukufundisha. Na viungo vyote vinanunuliwa wapi? Akikutajia maduka ya Morogoro au hata Kariakoo, sawa. Akisema vinaletwa na hoteli kutoka nje, utarudi nyumbani na vyeti na picha, na Jumapili hutakuwa na cha kupika. Wakijibu vizuri yote manne, weka akiba mpaka mwakani uende. Kwa sasa nunua mizani na kilo ya chenga, na Agosti uwe Nane Nane mapema asubuhi.